Kipimo Kilichonyamaza

Mtu akitoka Uvira asubuhi, akavuka mpaka Kavimvira, akapita Gatumba na daraja la Rusizi, adhuhuri haimkuti njiani. Amekwisha fika Bujumbura, na kama ana ndugu au biashara katika mitaa ya Waswahili, yaelekea ameshukia Buyenzi au Bwiza. Jabe ni mtaa wa Bwiza. Kiswahili kinachosikika penye vibanda vya soko lake ni jamaa wa karibu wa Kiswahili cha Uvira na Bukavu, na ujamaa huo umeletwa na barabara. Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto, wachuuzi wakatawanyikia masoko ya mitaani, na barabara hiyo ikazidi kuwa na umuhimu kwa wanaoishi kwa kununua huku na kuuza kule. Basi habari ninayotaka kuisimulia ilipita njia hiyo hiyo. Nadai kwamba mmojawapo wa ugunduzi mkubwa wa kisayansi wa miaka hii ya karibuni ulifanyika upande wa pili wa mpaka, kwa kazi iliyoanzia mikononi mwa watu wanaozungumza lugha hii, na kwamba kilichochelewa kutufikia hakikuwa elimu. Elimu iliwahi. Bidhaa, bei na mihuri ndivyo vilivyokawia.

Ugonjwa wenyewe unaitwa mpox. Kirundi kinauita ubushita bw'inkende, yaani ndui ya kima, na jina hilo limebeba nusu ya kosa. Kirusi kilionekana mara ya kwanza mwaka 1958 katika maabara ya Copenhagen, kwa kima waliosafirishwa kutoka Asia kwa ajili ya utafiti, na jina likaganda hapo, ingawa wanasayansi wengi wanaamini kwamba makao yake halisi ni wanyama wadogo wagugunaji wa misituni. Binadamu wa kwanza kuthibitishwa kuugua alikuwa mtoto wa miezi tisa, mwaka 1970, katika jimbo la Equateur nchini Kongo. Tarehe hiyo haikuangukia hapo bure. Ndui yenyewe, ile kubwa iliyoua na kupofusha vizazi kwa vizazi, ilikuwa inafukuzwa duniani, na wapelelezi wa afya walikuwa wakimchunguza kila mwenye malengelenge kuhakikisha hapana masalia. Ndui ikiwa imeondoka katika eneo lile, mtoto huyu alitoka wapi na vipele vyake? Swali hilo ndilo lililozaa jibu. Miaka saba baadaye, Oktoba 1977, mpishi wa hospitali ya Merca nchini Somalia, Ali Maow Maalin, akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alipona, na baadaye akajitolea katika kampeni za chanjo ya polio mpaka alipofariki mwaka 2013. Mwezi Mei 1980 dunia ikatangaza kwamba ndui imekwisha, na chanjo yake ikasimamishwa.

Hapo pana jambo ambalo watu hulisahau. Neno letu chanjo limetoka katika kuchanja, kutia ngozi mikato midogo, na wazee wetu waliochanjwa ndui bado wana kovu la mviringo begani. Kovu hilo liliwakinga pia, kwa kiasi kikubwa, dhidi ya binamu huyu wa ndui. Waliozaliwa baada ya 1980 hawana kovu, na katika Burundi hao ndio wengi kabisa. Ushindi dhidi ya ndui, kwa hiyo, uliacha mlango wazi nyuma yake. Hakuna aliyekosea, ila hakuna aliyerudi kuufunga.

Sasa twende Kamituga. Ni mji wa dhahabu katika Kivu Kusini, wilaya ya Mwenga. Wakoloni wa Kibelgiji walichimba hapo kwa makampuni. Leo wanachimba vijana kwa sururu na tochi za kichwani, na dhahabu huvuta kila kitu kinachofuata dhahabu: wachuuzi, mabaa, vyumba vya kupanga, wanawake na wanaume waliotoka Bukavu, Uvira, na ng'ambo ya mipaka. Septemba 2023 hospitali ya Kamituga ilianza kupokea wagonjwa wenye malengelenge ambao hawakufanana na wagonjwa wa vitabuni. Vitabu vilisema mpox ya Kongo ni ugonjwa wa watoto wa vijijini wanaogusa nyama ya porini, na kwamba hufika nyumba mbili tatu kisha huzimika. Hawa walikuwa vijana wa mjini, wafanyakazi wa mabaa na wachimbaji, na vipele vingi vilikuwa sehemu za siri. Mtu aliyechoka angeandika kaswende au tetekuwanga akamwita anayefuata. Hospitali hiyo ilichukua sampuli na kuzipeleka maabara.

Maabara ndipo kisa kinapopata uzito wake. Kipimo cha mpox cha siku hizi hutafuta kipande fulani cha vinasaba vya kirusi na kukizidisha mpaka kionekane. Kuna kipimo kinachouliza swali la jumla, kama hiki ni mpox au la. Na kuna kingine kinachouliza swali la ndani zaidi, kama ni wa ukoo wa kwanza, ule wa Afrika ya Kati ulio mkali, au wa ukoo wa pili, ule wa Afrika Magharibi ulioizunguka dunia mwaka 2022. Kwa sampuli za Kamituga swali la kwanza lilijibiwa ndiyo. Swali la pili likakosa jibu: kipimo cha ukoo wa kwanza kilinyamaza, ilhali ugonjwa ulikuwa katikati ya nchi ya ukoo wa kwanza. Ni kama kumtafuta mtu sokoni kwa kovu la shavuni, kumbe kovu limefutika. Fundi mvivu angesema kipimo kimeharibika. Watafiti waliamua kusoma vinasaba vyote vya kirusi tangu mwanzo hadi mwisho, wakakuta kwamba kile kipande ambacho kipimo kilikuwa kinakitafuta hakipo tena. Zaidi ya herufi elfu moja za maumbile zilikuwa zimedondoka. Mgonjwa alikuwa na ukoo wa kwanza, lakini tawi lake lilikuwa jipya, halijawahi kuonwa. Likapewa jina Ib.

Herufi zilizobaki nazo zilikuwa na la kusema. Mwili wa binadamu una kimeng'enya kinachojaribu kuharibu kirusi kwa kubadilisha herufi zake kwa mtindo mmoja maalumu, na kila kirusi kinachopona hubaki na alama za shambulio hilo, kama mti wenye alama za panga. Virusi vya Kamituga vilikuwa na alama hizo nyingi. Maana yake ni kwamba havikuwa vinatoka porini mara kwa mara. Viliingia kwa binadamu karibu na Septemba 2023 na tangu hapo vinapitishwa mtu kwa mtu. Machi 2024 kundi la watafiti, akiwemo Leandre Murhula Masirika wa Kivu Kusini na wenzake wa Rwanda, Denmark na Uholanzi, lilichapisha habari za tawi hilo. Juni mwaka huo huo likafuata andiko lililoongozwa na Emmanuel Hasivirwe Vakaniaki pamoja na Placide Mbala-Kingebeni wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, INRB: wagonjwa 108 waliothibitishwa kati ya Septemba 2023 na Januari 2024, umri wao wa kati miaka 22, nusu na ushei wanawake, na karibu watatu katika kila kumi wakifanya biashara ya ngono. Nayataja majina kwa makusudi. Mwenye kusema kwamba sayansi ni mambo ya Wazungu na aeleze majina haya anayaweka wapi.

Najua jibu litakaloletwa, na si la kupuuzwa. Mashine za kusoma vinasaba zilibuniwa Uingereza na Marekani. Hata zile ndogo zinazotosha kiganjani, zilizoanza kutumika mwaka 2014, zilitoka kwa kampuni ya Oxford. Kemikali zake huagizwa, fedha za utafiti hutoka nje, na washirika wa Ulaya na Amerika wako katika kila andiko. Yote kweli. Lakini tazama historia ya utafiti wenyewe nchini Kongo uone nini kimebadilika. Mwaka 1976 daktari kijana Jean-Jacques Muyembe alikwenda Yambuku kuchunguza homa isiyojulikana. Alichota damu bila glavu, akaona tundu la sindano linaendelea kutoka damu, akashuku. Alimshawishi mtawa aliyekuwa mgonjwa kusafiri naye hadi Kinshasa, na sampuli zikapelekwa Ubelgiji zikiwa ndani ya chupa ya chai ya kawaida, maana Kinshasa hapakuwa na pa kuzisoma. Ugonjwa ukaitwa Ebola, na kwa miongo kadhaa sifa ya kuugundua ikaandikwa kwa majina ya waliopokea ile chupa. Mwaka 1995 huko Kikwit, Muyembe aliwatia wagonjwa wanane damu ya waliopona, saba waliishi. Wengi walimkosoa kwa kukosa kundi la kulinganisha, na kwa kanuni za utafiti walikuwa na haki. Hata hivyo kutoka katika damu ya mtu aliyepona Kikwit ndipo ilipotolewa kingamwili iliyokuja kuwa dawa, ikapimwa Kivu Kaskazini kuanzia 2018, ikathibitika 2019, na Desemba 2020 ikapata kibali Marekani kwa jina la Ebanga, mikononi mwa kampuni ya Miami. Kati ya chupa ya 1976 na Kamituga ya 2023, tofauti ni hii: safari hii swali, sampuli, usomaji wa vinasaba na majina ya kwanza kwenye andiko vilikuwa vya Kongo. Mashine iliagizwa, naam. Jembe nalo liliagizwa, na hatusemi kwamba mahindi ya Imbo yamelimwa na mfua chuma.

Kirusi hakikusubiri wahariri. Kilishuka na barabara hadi Bukavu, kikafika Uvira, na Julai 2024 Burundi ikatangaza wagonjwa wake watatu wa kwanza kuthibitishwa. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamepita 2,000, Bujumbura ikiwa kitovu. Agosti 13 kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa kilitangaza dharura ya bara, kesho yake Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa, na kesho kutwa yake Sweden ikasema ina mgonjwa mmoja. Mgonjwa huyo mmoja alipewa nafasi kubwa zaidi magazetini kuliko Kamituga nzima.

Hapa mkosoaji wa pili anasimama, na huyu ninamheshimu kuliko wa kwanza. Anauliza: mama wa Jabe ana faida gani na jina Ib? Mtoto ana homa na malengelenge. Jina halimpi mafuta ya kupaka wala ndoo ya maji. Namjibu kwa mambo mawili. Kwanza, maabara iliyotegemea kipimo kile kimoja ingeangalia sampuli ya mtoto huyo ikamrudishia mama jibu la uongo, au isingejua imeshika nini. Kujua kwamba kipande kimedondoka ndiko kulikowezesha vipimo kurekebishwa. Pili, alama za binadamu katika vinasaba zilibadilisha ushauri wenyewe. Kama ugonjwa ungekuwa unatoka porini, ungemwambia mama aache nyama ya msituni, ambayo Jabe haipikwi. Ukijua unapita mtu kwa mtu, unamwambia habari ya shuka, taulo, kitanda kimoja cha watoto wanne. Na Burundi ilithibitisha hilo kwa uchungu: ugonjwa ulioanzia kwenye mabaa ya Kamituga ulipofika hapa ulikamata watoto kwa wingi, kwa kuguswa na kulala pamoja nyumbani. Walioufanya aibu ya wazinzi walichelewesha watoto wao kupelekwa hospitali.

Lakini kwenye hoja ya bidhaa mkosoaji huyo ana haki kabisa, na hapo ndipo lawama inapostahili kuwekwa. Chanjo ya MVA-BN, inayotengenezwa na kampuni ya Denmark, ilipata kibali Marekani mwaka 2019. Mwaka 2022 ugonjwa ulipofika Ulaya na Amerika, watu wao walichanjwa mwaka huo huo. Shirika la Afya Duniani liliipa muhuri wake Septemba 13, 2024, na bila muhuri huo mashirika yanayonunulia nchi maskini chanjo yalikuwa yamefungwa mikono. Dozi za kwanza zilitua Kinshasa Septemba 5 mwaka huo, zikiwa zawadi ya Ulaya. Oktoba 5 Goma ikaanza kuchanja, zaidi ya mwaka mmoja tangu mgonjwa wa kwanza wa Kamituga. UNICEF ilipopata mkataba wa bei nafuu, bei nafuu yenyewe ilikuwa hadi dola 65 kwa dozi, na mtu anahitaji dozi mbili. Linganisha na ndui. Miaka ya 1960 Benjamin Rubin wa kampuni ya Wyeth alibuni sindano yenye ncha mbili kama uma mdogo: inashika tone la chanjo kati ya meno yake, inadungwa mara kadhaa haraka haraka juu ya ngozi, inachemshwa, inatumika tena, na inakula robo tu ya chanjo iliyohitajika zamani. Kampuni ikasamehe malipo ya hataza. Kitu chenyewe ni kipande cha waya, na ndicho kilichoshika mkono wa wachanjaji mpaka Merca.

Kuna ushahidi mwingine ambao wapenda vifaa vipya hawaufurahii. Tecovirimat ni dawa iliyotengenezwa kwa hofu kwamba ndui ingeweza kurudi kama silaha. Ilipojaribiwa Kongo kwa wagonjwa 597 katika hospitali za Tunda na Kole, matokeo yaliyotangazwa Agosti 2024 yalionyesha kwamba haikuharakisha kupona kwa vidonda kuliko kidonge cha bandia. Ila katika makundi yote mawili walikufa asilimia 1.7, wakati nchini kwa jumla wagonjwa waliokuwa wakifa walikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Waliolazwa walilishwa, walinyweshwa, walisafishwa vidonda, walitibiwa malaria na maambukizi mengine. Uuguzi ulishusha vifo. Kidonge hakikuongeza kitu. Ninaona kuwa huu nao ni ugunduzi, tena wa kiwango cha juu, na hauuziki.

Mkosoaji wa tatu anasema: malaria huwashika Warundi kwa mamilioni kila mwaka, katika nchi ya watu kama milioni 13, na vifo vya mpox Burundi vilikuwa vichache mno. Kwa nini makala nzima juu ya kirusi ambacho pengine kingesahaulika kama Ulaya isingekiogopa? Nakubali nusu. Lakini malaria yenyewe ndiyo shahidi wangu bora. Mwaka 1972 Tu Youyou wa Uchina alifanikiwa kutoa artemisini katika mmea. Burundi ilipigwa na mlipuko wa kutisha wa malaria miaka ya 2000 na 2001, klorokwini ikiwa imechoka, na ilibadili dawa yake rasmi kuwa mchanganyiko wenye artemisini mwaka 2003, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza barani. Miongoni mwa za kwanza, na bado ni miaka 31 baada ya ugunduzi. Kwa mpox, kutoka mgonjwa wa kwanza hadi andiko la kwanza ilichukua miezi sita. Tofauti hiyo ilikuja kwa sababu aliyeshuku, aliyesoma na aliyeathirika walikuwa kando ya barabara moja.

Barabara hiyo haina uhakika. Januari 2025 Goma ilianguka vitani, na wagonjwa wengi wa mpox wakakimbia vituo vyao wakiwa na vidonda. Bukavu ilifuata Februari, na makumi ya maelfu ya wakimbizi wakavuka Rusizi kuingia Cibitoke. Septemba 5, 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya kimataifa imekwisha. Kirusi hakijakwisha.

Msomaji wa Jabe, ukipata nafasi ya kumuuliza mkubwa yeyote wa afya swali moja, usimuulize mashine mpya zimegharimu kiasi gani. Muulize hivi: muuguzi wa kituo cha afya cha Bwiza akichukua leo asubuhi sampuli ya ugonjwa asioujua, itasomwa wapi, na jibu litamrudia siku gani?